Kununua Spea za Gari Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikaa miaka kadhaa nyuma ya kaunta ya duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, kabla ya kuhamia Dodoma. Siku hizi na mimi naagiza kwa simu kama wengine, na ndugu wananipigia kila wanapotaka kuagiza au wanapokuwa wameshaumizwa. Maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mifano mingi ni ya Toyota, kwa kuwa ndiyo magari yaliyojaa barabarani kwetu, lakini utaratibu ni ule ule kwa Nissan, Subaru na mengine.

## Kabla hujatafuta muuzaji

1. Muuzaji alisema spea ni ya gari langu. Mbona haikuingia?

Kwa sababu ulimtajia jina la gari, naye akakuuzia kwa jina la gari. "Toyota IST" haimwambii mtu wa duka chochote cha kutosha. IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ina NCP60 yenye injini 2NZ ya cc 1300, NCP61 yenye 1NZ ya cc 1500, na NCP65 ambayo ni 1NZ pia ila inavuta miguu yote minne. Kwa nje zinafanana kabisa. Katikati ya safari hiyo sura ilibadilishwa kidogo, hivyo taa za magari ya miaka ya mwanzo na ya miaka ya mwisho ni tofauti. Premio ya 240 nayo ni hivyo hivyo: NZT240 ni cc 1500, ZZT240 ni 1800, AZT240 ni 2000 yenye injini ya D4, na spea nyingi za injini haziingiliani.

Shemeji yangu aliyeko Singida aliagiza hab (kitovu kinachoshikilia tairi) ya nyuma yenye beringi yake. Tangazo lilisema "IST zote". Mzigo ukafika salama, fundi akafungua tairi, hab ikakataa. Gari lake ni NCP65 na ile hab ilikuwa ya NCP61. Muuzaji hakuwa tapeli. Aliandika alivyozoea kuandika. Lakini shemeji alilipa nauli ya mzigo mara mbili na gari likakaa juu ya mawe siku tisa, nalo ndilo gari analopelekea watoto shule. Nilikasirika kwa niaba yake, na bado nikisoma "zote" kwenye tangazo moyo unaniruka.

Ukiona maneno "zote" au "inaingia gari zote za Toyota", chukulia kwamba muuzaji hajui, kisha endelea na swali la 2 na la 3.

2. Chasis namba naipata wapi, na ni salama kumpa muuzaji?

Ipo kwenye kadi ya gari. Ipo pia kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ya magari ya Ulaya. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo: NCP61, kistari, halafu tarakimu saba. Kibati hicho kinataja pia injini, gia boksi na namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Kama unaagiza bampa au mlango wa mtumba, namba ya rangi inaweza kukuokolea gharama ya kupiga rangi.

Muuzaji mzuri ataiomba chasis namba kabla hajakutajia bei. Mpe kwenye mazungumzo ya faragha, usiiandike hadharani chini ya tangazo. Kadi ya gari yenyewe usimpigie picha mtu usiyemjua. Ina jina lako na mambo mengine ambayo hayamhusu anayeuza shokapu.

3. Pati namba ni nini hasa? Lazima niijue?

Ni namba ya kiwanda ya spea yenyewe, na ndiyo lugha pekee ambayo wewe, muuzaji wa Kariakoo na muuzaji wa Sharjah mnaweza kuizungumza bila kutafsiriana. Kwa Toyota huwa na sehemu mbili za herufi na tarakimu tano tano. Sehemu ya kwanza inasema ni kitu gani, ya pili inasema ni ya toleo lipi. Inayoanza na 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 ni za nyuma. 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ni ya kushoto. 52119 ni bampa la mbele, 52159 la nyuma. Kioo cha pembeni kulia huanza na 87910, kushoto 87940.

Kuipata, ingia kwenye katalogi za mtandaoni zinazokubali chasis namba. Za PartSouq na Amayama zinafunguka hata kama hununui kwao. Unaingiza chasis, unachagua eneo la gari kwenye mchoro, unasoma namba. Ukiona namba mbili, moja imebadilishwa na nyingine: viwanda hufuta namba ya zamani na kutoa mpya, na mara nyingi ile mpya inakubali mahali pa ile ya zamani. Andika zote mbili.

Hivyo ujumbe wa kwanza kwa muuzaji uwe hivi: "Habari kaka, natafuta shokapu za mbele, kulia na kushoto. Toyota IST, chasis NCP61, namba kamili nitakutumia. Pati namba ni hii hapa. Unayo? Ni mpya au mtumba, ya kampuni gani, na isipoingia tunafanyaje?" Atakayejibu "ipo boss, lipia" bila kugusa hata swali moja kati ya hayo, muache. Nasema hivi kwa uzoefu wa pande zote mbili za kaunta.

4. Si nitume tu picha ya spea ya zamani?

Tuma, inasaidia sana kwa soketi, idadi ya pini, matundu ya boliti na mkao wa mabomba. Piga pande zote, na uweke rula kando. Lakini picha haionyeshi urefu halisi, idadi ya meno ya ndani, wala ugumu wa springi. Isindikize pati namba, isiwe badala yake.

Taa zina njia ya mkato. Taa za Koito, Stanley na Ichikoh huwa na namba fupi iliyochongwa kwenye kioo cha taa. Isome na umtumie muuzaji. Wauza taa za mtumba wanapanga mzigo wao kwa namba hizo.

## Lugha ya matangazo

5. Orijino, jenuini, OG, kopi, Taiwan, mtumba: tofauti ni nini?

Maneno haya yamechakaa hadi kila mtu anayatumia atakavyo. Muuzaji mmoja akisema "orijino" anamaanisha imetoka kwenye boksi la Toyota. Mwingine anamaanisha mtumba uliofunguliwa kwenye gari Japani. Wa tatu anamaanisha kopi nzuri. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema wanachoamini. Kwa hiyo usiulize "ni orijino?" Uliza "imetengenezwa na kampuni gani, na ni mpya au imeshatumika?"

Spea mpya iliyomo kwenye boksi la kampuni ya gari ndiyo jenuini. Kampuni ya gari haitengenezi kila kitu yenyewe: Denso, Aisin, KYB, Koyo, NTN na NGK huiuzia vipuri, na pia huuza kwa majina yao wenyewe kwa bei nafuu zaidi. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, hapo ndipo pesa inapokaa vizuri. Kisha kuna viwanda huru vya Taiwan, China, Thailand na kwingineko vinavyoweka jina lao waziwazi. Hizo si feki. Zipo nzuri na zipo dhaifu, lakini hazidanganyi zimetoka wapi. Feki ni ile inayobeba jina la mtu mwingine.

Mtumba nao una asili mbili. Kuna wa Japani uliokuja moja kwa moja, na kuna uliopitia Dubai na Sharjah, ambako magari yaliyotumika kwenye joto kali la Ghuba hukatwa pia. Raba, mauntini (raba zinazoshikilia injini), mipira ya milango na plastiki za ndani za gari la Ghuba huwa zimekauka mapema. Chuma haina shida. Halafu angalia usukani: gari la Ghuba ni la usukani wa kushoto, hivyo dashibodi, mashine ya usukani, waipa na baadhi ya nyaya havitaingia kwenye gari lako.

6. Boksi limeandikwa NGK na lina alama zote. Naweza kuamini?

Boksi ni karatasi, na karatasi huchapwa. Plagi, oili filta, beringi, boli jointi na tairodi ndizo zinazoghushiwa sana, kwa sababu zinauzika kila siku.

Kagua kitu chenyewe. Kwenye plagi, ule mkono wa chuma wa juu uwe umekaa katikati kabisa ya ncha. Ukiwa umeegemea upande, ina mashaka. Maandishi kwenye kauri yawe safi na yasifutike kwa kucha. Pati namba ya kwenye boksi ifanane na iliyo kwenye chuma, herufi kwa herufi. Beringi za kampuni kubwa huchorwa namba kwa mistari myembamba safi, nazo huzunguka kimya. Halafu linganisha bei: piga simu kwa wakala rasmi, hata kama huna nia ya kununua kwake. Plagi za iridiamu zikiuzwa mtandaoni kwa robo ya bei ya wakala, huhitaji hadubini.

Kwa breki na usukani sijadiliani na mtu. Pedi, boli jointi na tairodi nunua kwenye duka unaloweza kurudi kwa miguu, au kwa muuzaji uliyemjaribu mara nyingi kwa vitu vidogo.

7. Kwa nini hawaweki bei? Kila kitu "njoo DM".

Sababu ya haki ni kwamba bei inategemea modeli, na dola ikipanda leo bei ya jana imekufa. Sababu isiyo ya haki ni kwamba anataka kukupima kwanza: unapoishi, gari unaloendesha, haraka uliyonayo. Ninachofanya ni kuwauliza watatu kwa wakati mmoja ujumbe ule ule wa swali la 3, na sisemi gari limesimama. Ukisema limesimama, umeshapandisha bei wewe mwenyewe.

8. "Kulia" ni kulia kwa nani?

Ni kulia kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Kwetu kulia ni upande wa dereva. Tatizo ni kwamba wengi huelezea wakiwa wamesimama mbele ya gari, wakilitazama usoni, na hapo kulia inageuka kushoto. Andika "upande wa dereva" au "upande wa abiria" na habari imeisha.

## Pesa

9. Nitajuaje kwamba muuzaji yupo na spea anayo?

Omba video fupi ya spea hiyo hiyo, pembeni yake kuwe na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Aliyenayo mkononi anatumia dakika mbili. Asiyenayo atakuambia yuko safarini, stoo imefungwa, kijana hayupo. Kisha ipitishe picha ya tangazo kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye kurasa za Urusi au Malaysia, basi aliikopi.

Idadi ya wafuasi haina maana, kurasa zinanunuliwa. Angalia wanaotoa maoni: je, kuna wateja wanaolalamika na wakajibiwa? Ukurasa ambao maoni yamefungwa kabisa mimi naupita. Duka lenyewe liko mtaa gani? Kama ni Gerezani, Kariakoo au Shaurimoyo Ilala, mtume ndugu au bodaboda unayemwamini akalione. Elfu chache za bodaboda ni kidogo sana kuliko laki tatu za taa.

10. Nilipe yote, nusu, au nikipokea?

Ndani ya mji mmoja, lipa ukipokea, baada ya kuiona na kuilinganisha na ya zamani. Muuzaji mwenye duka atakubali, pengine kwa kukutaka utangulize nauli ya bodaboda, na hiyo ni haki yake.

Ukiwa mkoani jambo ni gumu, kwa kuwa yeye pia anaogopa. Anajua wateja walioagiza, mzigo ukafika, wakazima simu. Njia niliyoona inafanya kazi ni ndugu wa Dar kwenda kulipa na kuupakia mzigo kwenye basi mwenyewe. Kama huna ndugu, lipa sehemu, umalizie ukitumiwa picha ya stakabadhi ya ofisi ya mizigo ya basi.

Lipa kwa lipa namba ya biashara, usitume kwenye namba binafsi. Jina litakalotokea kwenye skrini lifanane na jina la duka; lisipofanana, simama uulize. Na katikati ya mazungumzo ukiambiwa "lipa namba inasumbua, ile hela tuma kwenye namba hii ya mdogo wangu", usitume. Ujumbe huo kila Mtanzania ameshaupokea kwa namna moja au nyingine, na bado unawaliza watu kwa sababu unakuja wakati umeshakubaliana bei na akili imeshatulia.

Dai risiti ya EFD. Bila risiti, hoja za swali la 15 zinabaki maneno matupu.

11. Nimeshatuma pesa, sasa hapokei simu.

Fanya haya ndani ya dakika, usisubiri "labda yuko bize". Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwape namba ya kumbukumbu ya muamala. Kama pesa bado haijatolewa, wanaweza kuizuia. Namba iliyotumika kukutapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Kisha nenda kituo cha polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika hapa. Beba picha za skrini za tangazo, mazungumzo yote na muamala. Usifute kitu kwa hasira, na usimtukane kwenye ujumbe: mazungumzo hayo yatasomwa na watu wengine.

## Mzigo njiani

12. Mzigo umefika stendi. Nifanye nini kabla sijaondoka nao?

Ufungue pale pale, mbele ya mtu wa ofisi ya mizigo, huku mwenzako akichukua video bila kukata: jina kwenye boksi, gundi ikiwa haijaguswa, kufungua, pati namba. Watu wanaona aibu kufanya hivi. Msione aibu. Taa iliyopasuka ukiigundua nyumbani, muuzaji atasema ni basi, basi litasema ni muuzaji, na wote wawili watakuwa na hoja.

Kabla haujatumwa, mwambie muuzaji afunge taa na vioo kwa godoro au nguo kuukuu ndani ya boksi gumu, na aandike namba yako ya simu pande mbili. Makonda hawasomi neno "polepole", lakini boksi gumu linajitetea.

13. Nimepata bampa nje ya nchi kwa bei nzuri. Mbona usafiri unazidi bei yake?

Ndege haitozi uzito wa mizani peke yake, inatoza pia nafasi. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, kisha wanagawa kwa 6000; kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5000. Boksi la bampa la sentimita 150 kwa 50 kwa 40 ni sentimita za ujazo 300,000. Ukigawa kwa 6000 unapata kilo 50, ukigawa kwa 5000 unapata kilo 60. Bampa lenyewe halifiki kilo kumi. Utalipia ile namba kubwa.

Mzigo mkubwa na mwepesi uje kwa meli, ambako boksi hilo ni mita za ujazo 0.3 tu. Ndege iachie sensa, koili, nozeli na vitu vidogo vya bei kubwa. Halafu weka akilini ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 ambayo haikokotolewi kwa bei ya spea peke yake: inajumlishwa na usafiri, bima na ushuru wenyewe. Muulize wakala wako wa mizigo mapema kama bei yake ya kilo imejumuisha hayo. Jibu la "usijali" si jibu.

14. Kuna spea ambazo hazisafirishwi?

Eabegi na mikanda ya usalama yenye kifyatuzi vina baruti ndani, hivyo kwenye ndege huhesabiwa mzigo wa hatari. Betri za maji pia, na shokapu za gesi zina masharti yake. Wakala wengi wanakataa, na wengine wanakubali bila kujua kilichomo, kisha mzigo unakwama. Tamka kilichomo kabla.

Na eabegi ya mtumba usinunue kabisa, hata ya jirani. Hakuna namna ya kuijaribu bila kuilipua.

## Kurudisha na kulalamika

15. Risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi". Imeisha hivyo?

Haijaisha. Maneno hayo yanamlinda muuzaji dhidi ya mteja aliyebadili mawazo au aliyeagiza kimakosa mwenyewe. Hayageuzi hab ya NCP61 kuwa ya NCP65. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Hoja za ubora zinaenda TBS, shirika la viwango.

Lakini nguvu yako yote iko kwenye ujumbe wa kwanza. Ukiwa uliandika chasis na pati namba, na yeye akajibu "ndiyo, inaingia", kosa ni lake na anajua. Ukiwa uliandika "nataka hab ya IST", kosa mmegawana. Kabla ya kwenda ofisi yoyote, mpigie kwa heshima, mtumie video ya swali la 12, mwombe abadilishe au mgawane nauli. Kwa uzoefu wangu, wenye duka hasa wengi hukubali wakizungumzwa vizuri, kwa sababu spea sahihi ya gari jingine bado ataiuza.

Usiifunge spea unayoitilia shaka. Ikishapakwa grisi na kukwaruzwa na spana, hata mimi nikiwa kaunta nisingeipokea. Vitu vya umeme ni vigumu zaidi: wauzaji wengi hawavipokei vikishachomekwa, na hofu yao ni ya kweli, nyaya mbovu za gari huunguza kifaa kipya kwa sekunde. Kwa hivyo soma swali la 16 kabla ya kununua chochote chenye soketi.

16. Spea ni sahihi na nzuri, ila tatizo la gari liko pale pale. Namdai nani?

Humdai mtu. Umenunua jibu kabla swali halijajulikana, na naona hii inawamalizia watu pesa kuliko utapeli wenyewe. Gari linakosa nguvu, fundi anasema "ni koili", unaagiza koili nne. Linakosa tena, anasema "ni nozeli".

Anza na kupima kwa mashine, usome kodi, yaani namba za hitilafu. P0302 inamaanisha silinda ya pili haichomi vizuri. Haisemi kwamba koili ni mbovu. Kwenye injini kama 1NZ, ambayo kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, tatizo limehama na koili: nunua moja. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Tazama plagi, kisha nozeli. Jaribio hili halikugharimu hata shilingi.

P0420, inayohusu masega (kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi), nayo isikufanye ukimbilie sensa ya oksijeni. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa masega, inaweza kuwa ekzosi inavuja.

17. Fundi wangu anakataa kufunga spea nilizonunua mtandaoni.

Watu husema ni kwa sababu amekosa cha juu. Mara nyingine ndiyo, tena anastahili kuulizwa waziwazi. Lakini ana sababu nyingine ya msingi: spea yako ikifa baada ya wiki mbili, utarudi kwake, siyo kwa ukurasa wa Instagram. Atafungua tena bure, na gereji nzima itasikia unavyolalamika.

Nilichofanya na fundi wangu Dodoma ni kutenganisha mambo mawili. Ninamlipa ufundi wa haki, zaidi kidogo ya aliokuwa akinitajia, na tumekubaliana kwamba spea niliyoleta mimi ikifeli, kuifungua tena nalipia. Nikamwomba pia aione picha na pati namba kabla sijalipa. Tangu hapo amenizuia mara mbili nisinunue kitu kibovu. Fundi aliyeheshimiwa ni jicho la bure.

## Mambo yasiyo ya kila siku

18. Naweza kununua injini au gia boksi ya mtumba bila kuiona?

Nisingekushauri. Kama hakuna njia, uliza inakuja na nini: nyaya, kontroli boksi (kompyuta ya injini), alteneta, kompresa ya AC, au chuma peke yake? Omba video ikiwashwa au ikipimwa mgandamizo wa silinda, na picha ya namba ya injini. Kubalianeni kwa maandishi siku za majaribio zinaanza lini: siku ya kulipa au siku ya kufungwa? Kwa mtu wa mkoani, siku saba kuanzia kulipa huisha injini ikiwa bado stendi. Gia boksi nazo zihakikishe kwa msimbo wa kwenye kibati. CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) na otomatiki ya kawaida hazibadilishani hata kama injini ni moja, na oili zake ni tofauti.

19. Kontroli boksi ya mtumba ina pati namba ile ile, lakini gari haliwaki.

Kama gari lako lina mfumo wa kuzuia wizi unaotambua funguo, boksi hiyo bado inazikumbuka funguo za gari la zamani. Inahitaji fundi wa umeme wa kuisawazisha, au uinunue pamoja na funguo na kitambuzi chake. Uliza kabla.

20. Matairi na rimu?

Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne baada ya maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Omba picha yake, siyo ya kashata (sehemu inayokanyaga barabara) peke yake. Rimu zinahesabiwa kwa nati na umbali: IST ya toleo la kwanza, Vitz na Fielder ya NZE121 ni nati nne kwa milimita 100, RAV4 na Harrier ni tano kwa 114.3, Forester ya SG5 ni tano kwa 100.

21. Nimeona kioo cha pembeni cha bei ya chini, kina namba za gari zimechongwa.

Hicho kimeng'olewa kwenye gari la mtu usiku. Watu wa Dar na Nairobi wanachonga namba kwenye vioo na taa kwa sababu hiyo hiyo. Ukikinunua ukijua, Kanuni ya Adhabu inakuhesabu mpokeaji wa mali ya wizi, na unamlipa aliyekiiba arudi mtaani kwako. Kilichokwaruzwa ili kufuta namba ni kile kile.

22. Kuna mtu mtandaoni anataka kununua masega ya gari langu.

Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana yanatafutwa. Ukimpa, ekzosi itanuka, taa ya injini inaweza kuwaka, na mapya ni ghali mno. Ukipeleka gari gereji usiyoizoea kwa kazi ya ekzosi, yapige picha kabla na baada.

23. Niko Kenya. Haya yananihusu?

Karibu yote. Badala ya kadi ya gari soma logbook, na badala ya Gerezani mtume mtu Kirinyaga Road. VAT ni asilimia 16. Pesa ya M-Pesa iliyoenda kwa mtu asiyestahili, tuma ujumbe wote wa muamala kwenda 456 mara moja uombe irudishwe. Itarudi ikiwa bado ipo kwenye akaunti yake. Spea bandia zipeleke kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Na mkiagiza kutoka Dar kwa sababu bei ni nafuu, hesabu mpaka kwanza: nauli hadi Namanga au Horohoro, ushuru, na nani atakayerudisha spea isipoingia.